Safari Isiyo na Sababu

Sisi watu wa nchi hii hatusafiri bila sababu. Ukimwona mzee amesimama kituoni alfajiri na begi lake miguuni, ujue kuna msiba, au harusi, au mgonjwa, au kesi ya shamba huko kwao. Mwezi wa Mei 2023, jirani yetu hapa Mtoni Kijichi alitukuta mimi na mke wangu tukipakia mizigo garini kabla ya jua kuchomoza. Alikuja mbio, kanga begani, akauliza: "Jamani, poleni. Nani?" Hakuuliza kama kuna msiba. Aliuliza ni nani aliyefariki.

"Hakuna aliyefariki, dada," mke wangu akamjibu. "Tunakwenda kutembea tu."

"Kutembea wapi?"

"Milimani."

Jirani alitutakia safari njema, kisha, kama tulivyokuja kuambiwa, akampigia simu binti yetu kumwuliza kama wazazi wake wana akili timamu. Simlaumu hata kidogo. Mimi nimefundisha kwa miaka 36, na miaka 19 kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba andalio la somo huanza na madhumuni. Mwalimu asiyejua madhumuni ya kipindi chake hana haki ya kushika chaki. Nami niliwafundisha hivyo hivyo walimu vijana walioletwa chini yangu. Basi hata nje ya darasa nilizoea kuishi hivyo: kila jambo na madhumuni yake, na lisilo na madhumuni likae kando.

Siku moja jioni, umeme umekatika, mimi na mwenzangu tulikaa barazani tukahesabu safari zote za mbali tulizowahi kusafiri pamoja tangu tuoane mwaka 1977. Zilikuwa 17. Uhamisho wa kikazi ulituchukua mara 5, misiba mara 8, harusi mara 3, na mara moja tulimpeleka mtoto shule ya bweni. Hapo sikuhesabu miaka ambayo yeye, muuguzi, alipangiwa kazi wilaya moja nami nikapangiwa nyingine, tukawa tunasafiri kila mtu peke yake ili tukutane. Katika zile 17 hakuna hata moja ambayo tulikwenda mahali kwa ajili ya mahali penyewe. Mwaka 2009 tuliwahi kuipita barabara ya kaskazini kwenda kuzika Same. Tulikuwa kwenye basi la kukodi, nyuma ya gari lililobeba jeneza, na Milima ya Usambara tuliipita saa nane za usiku. Kulipokucha mwenzangu aliniuliza, "Hivi ile milima tumeshaipita?" Nikamjibu kwamba tumeiacha nyuma zamani. Akanyamaza.

Fedha za safari ya 18 zilikuwa zake. Zilitokana na mgao wa kikundi chao cha VIKOBA mwisho wa mwaka. Mtoto wetu wa kiume alipopata habari alikuja nyumbani na sura ya mtu anayetaka kusema kwa adabu jambo lisilosemeka kwa adabu. "Mama," alisema, "fedha hizo zingemalizia ukuta." Kweli, ukuta wa uwanja wetu umesimama nusu kwa miaka kumi. Tena mama yake ana shinikizo la damu, na daktari alikwishamwambia kwamba magoti yake yamelika, asitegemee yatarudi kuwa mazima. Kijana alikuwa na hoja. Mwenzangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukuta umeningoja miaka kumi, utaningoja na wiki moja. Magoti hayatanisubiri."

Hivyo tukaondoka. Gari letu ni Corolla ya zamani, na dereva ni mimi, ambaye si kijana. Tulishika Barabara ya Mandela hadi Ubungo, tukapita Kimara na Mbezi, tukaingia Kibaha kabla foleni haijachangamka. Masika yalikuwa yanakaribia kwisha. Ni majira ambayo huku kwetu Temeke tunayajua kwa matope, mbu na maji yaliyotuama uani, lakini nje ya mji ni majira mengine kabisa. Kutoka Chalinze hadi Wami nchi nzima ilikuwa kijani, na mahindi yalikuwa yametoa mbelewele. Katika kila kijiji tulishuka hadi mwendo wa kilometa 50 kwa saa, kama vibao vinavyoamuru, na mwenzangu alifurahi, maana mwendo huo ulimwezesha kutazama watu barazani kwao.

Baada ya Segera, kuelekea Korogwe, tuliingia katika nchi ya mkonge. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa kuwa mashamba hayo yana habari na ukoo wetu. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Dakta Richard Hindorf, na mwaka huohuo ndipo Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga, ambayo ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge, ikaongoza duniani. Baadaye zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakataifishwa na kisha kudhoofu, hata mwishoni mwa miaka ya 1990 tukawa tunatoa tani 20,000 hivi tu.

Tani zile zilikatwa na watu waliotoka mbali, na mmoja wao alikuwa baba yangu mdogo. Sisi kwetu ni Masasi. Miaka ya 1950 vijana wengi wa kusini waliandikishwa mkataba, wakapewa namba, wakapelekwa Tanga kukata mkonge. Ndiyo maana waliitwa manamba. Baba mdogo alikaa huko miaka minne, akarudi na baiskeli, koti na kikohozi. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza milima ya Usambara ikoje, kwa sababu kitabu cha jiografia kiliitaja. Alinijibu kwamba iko pale, juu, kila asubuhi unaiona ukielekea shambani. Je, uliwahi kuipanda? Akacheka. "Nani angenipa siku ya kupanda mlima?"

Maneno hayo niliyakumbuka tulipofika Mombo na kukunja kulia. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi, na zote ni kona. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo lenye mto unaonguruma kwa maji ya masika. Nilikwenda polepole, nikipiga honi kila kona. Mwenzangu aliyafungua madirisha yote. Hewa ilibadilika kadiri tulivyopanda, na tulipofika Soni, penye maporomoko, aliitoa kanga ya pili akajifunika mabega. Mtu aliyezaliwa Kilwa, akakulia Kilwa, akaja kuzeekea Dar es Salaam, alikuwa anasikia baridi mchana wa jua.

Soni ni jirani ya Vuga, na Vuga si mahali padogo katika historia yetu. Hapo ndipo yalipokuwa makao makuu ya ufalme wa Wasambaa, ambao wenyewe husimulia kwamba mwanzilishi wake alikuwa Mbegha, mwindaji mgeni aliyewagawia wenyeji nyama ya nguruwe mwitu. Ufalme huo ulikuwa na nguvu hasa chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Mmisionari Krapf alipofika kwake mwaka 1848 alikuta serikali yenye utaratibu wake. Kwa walimu wa rika langu jina la Vuga lina maana nyingine pia: lilipigwa chapa kwenye vitabu vingi vya Kiswahili vilivyotoka katika kiwanda cha kuchapia cha misheni. Kwa miaka mingi nililisoma jina hilo kwenye vitabu bila kujua kwamba ni mahali penye migomba na ukungu.

Lushoto tulipata chumba katika nyumba ya wageni. Binti wa mapokezi alitusalimu kwa heshima. "Shikamooni wazee wangu. Mmekuja semina?" Tukamwambia hapana. "Kumbe mna mgonjwa?" Hapana. Akashika kalamu juu ya daftari, penye safu ya madhumuni ya safari, akatutazama kama anayeomba msaada. Mwenzangu akamwambia, "Andika: matembezi." Binti akaandika, huku akitabasamu.

Kesho yake tulikwenda Irente. Gari hufika karibu, kisha unatembea. Njia si ndefu, lakini mwenzangu alipumzika mara tatu, nami nikabeba mkoba wake na chupa ya maji. Kisha ghafla mlima ukakatika, kukawa hakuna kitu mbele yetu ila hewa. Karibu meta elfu moja chini ya miguu yetu palikuwa Mazinde, mabati yakimetameta, na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama daftari la hesabu, na ng'ambo yake nyika isiyo na mwisho. Niliitafuta barabara kuu nikaiona, nyembamba kama uzi. Hapo ndipo tulipopita usiku ule mwaka 2009. Na katika mistari ile, au mingine kama ile, ndipo baba mdogo alipoinama kwa miaka minne.

Tulikaa juu ya jiwe. Baada ya muda mwenzangu akasema, "Mwalimu, nikwambie jambo. Mwaka 1983 nilichaguliwa kwenda kozi Moshi. Ya mwaka mmoja. Barua ilikuja."

Nilishangaa. Mwaka huo yeye alikuwa Kilwa na watoto, nami nilikuwa mkoa mwingine. Aliniambia kwamba mdogo wetu wa mwisho alikuwa akiugua homa kila mwezi, na dukani hapakuwa na sukari wala sabuni. Akaijibu barua kwamba hawezi, akairudisha, hakumwambia mtu.

"Pole," nikasema. "Ungepanda cheo."

"Cheo?" Akacheka kidogo. "Cheo hakikuniuma hata siku moja. Mimi nilitaka kuona mlima. Kwetu Kilwa mlima ni kichuguu. Nilipoiona ile barua, mawazo yangu yote yalikuwa kwamba nitaamka asubuhi niuone Kilimanjaro dirishani. Kozi ilikuwa sababu tu. Bila sababu nisingeruhusiwa."

"Usingeruhusiwa na nani?"

Akafikiri. "Na mimi mwenyewe," akasema.

Sikuwa na la kuongeza. Tulikaa pale mpaka jua lilipoanza kushuka. Nilimtazama akiangalia chini, mikono magotini, na nikaona kwamba baada ya miaka 46 nilikuwa nimekaa na mtu ambaye bado ana habari za kunipa. Waswahili husema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Sisi ilibidi tupande mlima ili tukutane.

Tulikaa siku tatu, tukala mapeasi na viazi, tukalala chini ya mablanketi mawili. Tuliporudi hatukushika njia ileile. Kabla ya Chalinze, pale Msata, kuna barabara ya lami inayokata kwenda Bagamoyo, nasi tukaifuata, kwa kuwa mwenzangu alisema safari isimalizwe na foleni ya Kimara. Bagamoyo tuliikuta na hewa nzito ya bahari, na mlio wa ngoma kutoka Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambako vijana walikuwa katika mazoezi. Katika mji huo ndiko alikoishi Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze ya kwao hadi majukwaa ya Ulaya, mpaka alipofariki mwaka 2003. Tulisimama nje kwa nusu saa. Hakuna aliyetuuliza tunangoja nini.

Kisha tukaingia Dar es Salaam kwa mlango wa Kinondoni: Bunju, Tegeta, Mwenge. Mwenzangu akasema, "Usiende nyumbani kwanza. Bado tuko safarini." Mtu akikaa mji mmoja miaka mingi huuona kama ngazi ya nyumba yake, hukanyaga bila kutazama. Siku ile tuliingia katika soko la vinyago la Mwenge kama wageni. Tuliwakuta mafundi wameketi chini, vipande vya mpingo katikati ya miguu, wakichonga huku wakizungumza Kimakonde, lugha niliyoizoea tangu utoto. Mzee mmoja aliniambia kwamba babu yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge. Nilimwuliza alikata wapi. "Tanga huko," akasema, akionyesha kaskazini kwa patasi.

Kutoka hapo tukaenda Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru. Naye, katika miaka ya 1950, alikwenda Tanga kutafuta riziki katika mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam na kufanya kazi mbalimbali za mikono. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya mraba, na kuviuza nje ya maduka ya Morogoro Stores. Aliwafundisha ndugu na jamaa zake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alichora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea, mwaka 1990 wakaunda ushirika, na leo mtindo huo unajulikana duniani kwa jina lake.

Miaka minne! Ni muda uleule ambao baba mdogo alikuwa manamba. Niliposimama mbele ya picha zile nilihisi kwamba safari yetu yote, kutoka jiwe la Irente hadi pale, ilikuwa jambo moja. Watu hawa walitoka kusini kwa sababu: kodi, mahari, njaa. Waliinama chini ya milima kwa sababu. Tani walizokata zimekwisha, kamba zimeoza, faida ilikwenda ilikokwenda. Kilichobaki kwetu ni kile walichokifanya katika saa ambazo hazikuandikwa kwenye mkataba: kijana aliyekishika kipande cha mpingo jioni, mtu aliyebakiza rangi ya baiskeli akajiuliza ndege wa kwao alikuwa na rangi gani. Hakuna msimamizi aliyewapangia madhumuni hayo. Walijiruhusu wenyewe.

Mwenzangu alichagua picha moja. Haikuwa ya tembo wala twiga. Ilikuwa ya zahanati ya kijijini, akina mama wamepanga foleni na watoto mgongoni, na muuguzi mwenye sare nyeupe akipima mtoto. Alimwonyesha mchoraji kwamba mzani hauning'inizwi vile, kijana akacheka, akakubali. "Bibi, nikufungie kwa ndege? Unampelekea nani?"

"Nampelekea mimi," akasema. "Ni ya ukutani kwangu."

Kijana alimtazama kidogo, kisha akampunguzia bei bila kuombwa.

Yamepita sasa, na daktari alisema kweli. Magoti ya mwenzangu hayawezi tena njia ya Irente. Ukuta wa uwanja bado umesimama nusu, na kijana wetu, akija Jumapili, huketi chini ya ile picha na haulizi tena habari za fedha. Safari siku moja tu aliuliza Lushoto ni nauli kiasi gani kwa watu wawili.

Ndugu msomaji, hasa wewe uliyestaafu kama mimi, sikushauri uuze shamba ili uone dunia. Wala huhitaji kwenda Lushoto. Kijiji cha Makumbusho kiko pale kandokando ya barabara ya Bagamoyo tangu mwaka 1966, na nyumba za makabila yetu zimejengwa humo. Daladala hushusha watu jirani kila siku, wakaenda zao bila kugeuza shingo. Ninachosema ni kwamba misiba itatusafirisha tu, haikosi, na siku moja mmoja wetu atakuwa ndiye sababu ya wengine kupita milimani usiku. Kabla ya hapo, mchukueni mwenzenu, mchague mahali, muende mchana. Mkiulizwa mnafuata nini huko, jibuni kwamba hamfuati kitu.